Jiwe Lisilochorwa

Kwa siku tatu mfululizo Nirjala Dangol alisimama kwenye njiapanda ya mtaa wa Dathu, mjini Lunkhu, ubavuni mwa duka la vyombo vya shaba, akiwa na kibao na penseli, akitazama miguu ya watu. Kazi hiyo alipewa na manispaa. Mtaa ulikuwa umetengenezwa upya, na ripoti ilitaka kuonyesha jinsi wapita njia walivyoongezeka, wanapita wapi, wanasimama mbele ya duka gani. Kwa kila mtu aliyepita alivuta mstari mmoja kwenye ramani.

Siku ya tatu adhuhuri aliishusha penseli, akaitazama karatasi. Mistari ilikuwa mingi kama nywele. Ilitoka pande zote tatu za njiapanda, ikavukana, ikasongamana, lakini mbele ya mgahawa wa kahawa wa Samyak yote ilipinda. Hapo katikati pakabaki peupe, duara dogo la ukubwa wa ungo.

Aliinua macho. Mahali penyewe palikuwa na mawe ya kutandaza tu, mapya, yamesawazishwa vizuri. Hapakuwa na shimo wala dimbwi. Mwanamke mmoja aliyebeba kapu la kabichi alikuja moja kwa moja, na alipokaribia, mguu wake wa kulia ukaenda pembeni wenyewe, akapazunguka huku akiendelea kuzungumza na simu. Nyuma yake alikuja mtoto wa shule. Naye akapinda.

Nirjala alikuwa mtu wa vipimo, hakuwa mtu wa kuogopa vitu. Lakini siku hiyo alirudi nyuma hatua moja, kwa kuwa alijua kilichokuwa chini ya mawe yale, na alijua nani alikifukia.

Alizaliwa hatua mia mbili kutoka pale, katika nyumba ya matofali yenye ngazi ya mbao inayolia ukiikanyaga. Ukoo wa Dangol ndio uliokuwa ukiwapimia watu mashamba enzi za wafalme wa bonde, kwa kamba na fimbo, na baba yake alipenda kusema kwamba binti huyu ameirithi ile kamba. Alisoma chuo cha ufundi Kathmandu miaka mitatu, akarudi Lunkhu. Baba akafariki, kaka yake akaenda Australia akabaki huko. Wachumba walikuja, wakanywa chai, wakaondoka. Na mwisho hata chai ikakoma kuchemshwa kwa ajili yao. Akabaki na mama yake, Sunkeshari, na kazi yake ya manispaa: mitaro, vibali vya ujenzi, ugomvi wa majirani juu ya kuta. Miaka kumi na minne.

Kisha barabara kuu mpya ikapita chini bondeni, mabasi yakaacha kupanda mjini, na mtaa wa Dathu ukaanza kufa. Maduka yalifungwa moja moja. Waliobaki walikaa mlangoni wakicheza karata na kuangalia mbwa. Meya Astaman alipochaguliwa, aliahidi jambo moja tu: kuufufua mtaa ule. Mawe ya kutandaza badala ya lami iliyomomonyoka, mitaro iliyofunikwa, nyaya za umeme chini ya ardhi, mabango ya mbao ya ukubwa mmoja, benchi, maua.

"Mdogo wangu," alimwambia Nirjala, "tukiwaachia wageni watuchoree, watatuchorea mji wa wageni. Chora wewe. Wewe unaijua kila kona."

Na ni kweli, aliijua. Pengine hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Kabla ya kuchora, manispaa iliita mkutano wa wakazi katika ukumbi wa kata. Ulijaa. Watu walikunywa chai ya maziwa wakazozana saa nne nzima. Wazee walitaka kujua kama gari la mungu, lile linalokokotwa kwa kamba, litaweza kugeuka pale siku ya sikukuu, magurudumu yake yanavyotaka nafasi. Wanawake walitaka mahali pa kuanikia pilipili. Mwenye duka la viatu alisema bango lake liachwe kama lilivyo, mwenzake akamjibu, "Bango lako lenyewe limeandikwa 'viyatu', bora lichukuliwe." Watu wakacheka. Yote yaliandikwa.

Hakuna aliyeitaja Chwasa.

Hakuna angeitaja. Kila mtaa wa zamani katika miji ile una Chwasa yake, jiwe butu kwenye njiapanda, halina sura wala maandishi. Hapo ndipo nguo za mtu aliyekufa hupelekwa siku ya mazishi yake, na hapo ndipo mkunga huacha kitovu cha mtoto aliyezaliwa. Watu wa ukoo wa Kapali, ambao kazi hiyo ni yao tangu zamani, huja kuchukua nguo, na mambo yanakuwa yamekwisha, aliyekwenda amekwenda. Jiwe hilo halirukwi, halikanyagwi, halionyeshwi kwa kidole. Na halizungumzwi mbele ya chai, katika mkutano wa kutafutia mji riziki. Watu arobaini na wawili walikuwa ukumbini siku ile, na kila mmoja alijua lilipo. Kila mmoja aliamini pia kwamba haliwezi kusahauliwa.

Wiki iliyofuata wakapima. Nirjala alikuwa kwenye mashine ya kupimia ardhi, jicho kwenye kioo, na Bekhalal, mtumishi wa manispaa wa siku nyingi, alitembea na fimbo ya kupimia akiisimamisha kila baada ya hatua mbili. Walikwenda vizuri hadi njiapanda. Hapo, kwenye kioo, Nirjala alimwona Bekhalal akiivuta fimbo kifuani, akapita kwa upande kama mtu anayempisha mkwe wake mlangoni, akaisimamisha ng'ambo.

"Kaka, umeruka."

"Nimeruka nini?"

"Hapo katikati."

"Hapo katikati kuna nini?" Alikuwa akitabasamu, lakini macho hayakutabasamu. "Njoo uishike wewe fimbo, basi. Mimi nina wajukuu."

"Haya," alisema Nirjala. "Endelea."

Mgeni yeyote angelipima. Angeandika: jiwe, kimo cha goti, liko juu ya usawa wa barabara. Kwenye mchoro wa Nirjala pale palikuwa tambarare.

Mwenye kutandaza mawe aliitwa Ramsagar, nyapara hodari kutoka nchi tambarare ya kusini, mtu wa sauti kubwa aliyependa kazi nadhifu. Alifika Dathu wiki ambayo Sunkeshari alilazwa, mapafu yake yakiwa yamejaa maji. Nirjala alikaa hospitalini siku nne. Siku ya tano alirudi mtaani na nguo zenye harufu ya dawa, akakuta njiapanda imekamilika, imefagiliwa, inang'aa.

"Ramsagar, lile jiwe liko wapi?"

"Jiwe gani, madamu?"

"Lililokuwa hapa."

"Ah, lile korofi!" Alicheka, akajipiga paja. "Limetutesa nusu siku. Kwenye mchoro halipo, nikasema ling'olewe. Tunachimba, halina mwisho. Nimeshuka mpaka kiunoni, nalo linashuka. Nikawaambia vijana, basi, tulivunje kichwa tupite juu. Nyundo mbili zimekatika mpini!"

"Na hicho kichwa?"

"Kimesagwa, kimeingia kwenye zege la mtaro. Jiwe zuri sana lile." Kisha akamtazama usoni, sauti ikapungua. "Kwani nimekosea, madamu?"

"Hapana. Umefuata mchoro."

Watu wa mtaa nao walikuwa wamesimama wakitazama nyundo zikipigwa. Baadaye Nirjala aliwauliza, mmoja mmoja, kwa nini hawakuzuia. Walimjibu jibu moja: walidhani yeye ndiye aliyeamua, kwamba amekwisha zungumza na makuhani, kwamba ana namna yake. Yeye ni wa hapa, atakosaje kujua?

Mtaa ulifunguliwa, na kwa kweli ulifufuka. Vijana walipanda kutoka bondeni jioni, wenye vyumba vya juu wakavigeuza nyumba za wageni, na Samyak, kijana aliyerudi kutoka Dubai, akafungua mgahawa wake wa kahawa. Manispaa iliweka mbele yake benchi na chungu cha maua. Nirjala mwenyewe ndiye aliyechagua mahali pa kuviweka, kando kidogo ya pale. Mkono wake haukuweza kuviweka palepale.

Kisha mfua shaba mmoja akafa. Watu wa nyumba yake walitoka na furushi la nguo, wakafika njiapanda, wakasimama. Walisimama muda mrefu, wakiangalia chini kama watu walioangusha ufunguo. Mwishowe waliliweka kando ya chungu cha maua, wakaenda.

Samyak alikwenda manispaa mbio mbio.

"Dada, mimi naheshimu mila, mama yangu shahidi. Lakini mteja anakunywa kahawa huku suruali ya marehemu inamtazama! Leo wawili wameondoka bila kumaliza vikombe."

"Kapali hakuja kuichukua?"

"Alikuja. Akazunguka, akasema hajui kama imetupwa au imesahauliwa. Akaondoka. Anasema yeye huchukua kwenye jiwe, hachukui kwenye mgahawa."

Meya alitaka tangazo. Nirjala aliliandika kwa dakika kumi: kitu chochote kitakachoachwa katika mtaa ulioboreshwa kitaondolewa na gari la taka kila siku saa tano asubuhi. Akatia sahihi kama mtaalamu wa mradi. Wakati huo alijiambia ni karatasi tu. Kulikataa tangazo kungekuwa kueleza, na kueleza kungekuwa kulitaja jiwe, na kulitaja jiwe kungekuwa kusema nani aliliacha nje ya mchoro.

Baada ya hapo, waliofiwa walitafuta pa kwenda. Familia moja ilipeleka furushi kwenye Chwasa ya mtaa wa pili, wakafukuzwa kwa maneno. "Mfie kwenu, mtupe kwenu!" Wengine wakarudi na nguo nyumbani wakaziweka chini ya ngazi, wakisubiri wasijue wanasubiri nini. Katika nyumba tatu za Dathu kulikuwa na mafurushi ya namna hiyo. Katika moja, mjane alisema anasikia mumewe akikohoa mchana kweupe, kikohozi chake kile kile cha kusafisha koo kabla ya kuita chakula. Alisema hakiogopeshi. Kinachomsumbua ni kwamba kila akikisikia, huanza kupakua.

Habari hizo zote zilimfikia Sunkeshari kitandani. Alikuwa amerudi kutoka hospitali akiwa mwepesi kama kuku, lakini masikio yalikuwa mazima na ulimi pia.

"Wewe mtoto," alimwambia Nirjala, akiwekewa mto mgongoni. "Ndiwe uliyechora?"

"Ndimi, mama."

"Baba yako alikuwa anapima hata kivuli cha mti. Wewe umeshindwa kupima jiwe?"

Nirjala alikoroga uji.

"Sikulaumu kwa hasira. Nakuuliza tu, kwa kuwa ni zamu yangu inayokuja. Zangu utazipeleka wapi? Sitaki kukaa chini ya ngazi, nikisikiliza mnavyopanda na kushuka."

"Nitalirudisha jiwe."

"Kabla yangu?"

"Kabla yako."

Basi siku ile alipomaliza kuhesabu miguu ya watu, Nirjala aliichukua ramani yake akaenda nayo moja kwa moja kwa meya, akaitandaza mezani. Hakuwa na haja ya kueleza. Astaman alikuwa mtoto wa Lunkhu. Nguo za baba yake ziliwekwa pale pale. Aliitazama mistari, akaifuata kwa kidole kutoka duka la shaba, na kidole kilipofika kwenye ule weupe kikapinda.

Wote wawili walikiona.

"Mawe matatu tu," alisema Nirjala. "Nikiyainua matatu, shina lake liko hapo chini. Nitaandika kwamba mchoro ulikosewa. Nitaandika nimekosea mimi."

"Wakaguzi wa jimbo wanakuja baada ya wiki mbili." Astaman alizungumza polepole, akiikunja ramani. "Awamu ya pili yote iko mikononi mwao. Soko la mboga, choo cha umma, taa. Wakute njiapanda ina shimo, na barua ya mhandisi wangu inasema mchoro haukuwa sahihi? Watauliza nini kingine si sahihi. Wiki mbili, mdogo wangu. Wakiondoka tu, mimi mwenyewe nitashika mtaimbo."

"Mama yangu ni mgonjwa."

"Mama yako? Yule ana nguvu kunishinda mimi. Juzi kanitukana kutoka dirishani kwa sababu ya taka!"

Alisema kwa wema, na Nirjala alicheka. Alifikiri juu ya soko la mboga, wanawake wanaokaa mvuani na mafungu ya mchicha. Akafikiri kwamba wiki mbili si nyingi. Akakubali.

Sunkeshari alifariki siku ya tisa, alfajiri, akiwa ameshika ukingo wa blanketi kana kwamba anataka kushuka kitandani. Binamu na wanaume wa ukoo waliubeba mwili kwenda kuuchoma mtoni. Nyumba ilifagiliwa. Nguo zake alizofia, na shuka, na sari yake nyeusi yenye ukingo mwekundu ambayo aliivaa siku zote za maisha yake ya ndoa, zilifungwa furushi moja, na Nirjala akalibeba. Mama mdogo wake, Dhanamaya, alikwenda naye, kwa kuwa kazi hiyo haifanywi peke yako, na ukishaweka hugeuki nyuma. Ukigeuka unamwita arudi.

Palikuwa na watu kwenye benchi. Waliinuka, wakavuta vikombe vyao, wakampisha. Samyak alizima muziki. Nirjala hakwenda kwenye chungu cha maua. Alikwenda katikati, mahali ambapo mwaka mzima hakuna aliyeweka mguu, akapiga goti, akaliweka furushi juu ya mawe laini. Alibaki ameliwekea kiganja. Alingoja kitu, hata yeye hakujua nini. Pengine jiwe limsukume kutoka chini. Mawe yalikuwa ya baridi, yamekaa sawa, kazi nadhifu.

"Inuka," alinong'ona Dhanamaya. "Twende."

Walikwenda. Walikuwa wamefika kwenye kona ya muuza uzi waliposikia filimbi nyuma yao, kali, ya vipindi, ile ya gari la taka. Nirjala alisimama. Ilikuwa saa tano.

"Mama mdogo, gari."

"Usigeuke."

"Wanalichukua. Wanalitupa pamoja na maganda. Niachie niwaambie—"

"Usigeuke, nimekwambia!" Vidole vya Dhanamaya vilimshika kiwiko kama koleo. Alikuwa analia na yeye, lakini hakulegeza. "Unataka arudi? Arudi wapi? Tembea. Tembea, mtoto."

Alisikia mlango wa gari ukishushwa. Alisikia mtu akisema "Hop!" kama wanavyosema wanaporusha kitu chepesi. Alitembea. Sahihi kwenye lile tangazo ilikuwa yake, na wale watumishi walikuwa watu waaminifu, wanaofuata karatasi, kama Ramsagar alivyofuata.

Alikaa ndani siku kumi na tatu za matanga. Wakaguzi walikuja, wakasifu, wakaondoka, na awamu ya pili ikapita. Siku ya kumi na nne hakuenda ofisini kuomba ruhusa. Alimwita Ramsagar na Bekhalal, na asubuhi hiyo, maduka yakiwa yanafunguliwa, mawe matatu yakainuliwa. Meya hakuja na mtaimbo. Hakuja pia kuzuia. Chini ya mchanga walilikuta, limekatwa juu, jeupe mahali lilipovunjika. Ramsagar aliposikia hatimaye lilikuwa jiwe la nini, alivua kofia, akakaa kando.

"Weka fimbo, kaka," alisema Nirjala.

"Juu yake siweki," alisema Bekhalal.

"Pembeni, basi."

Aliiweka pembeni. Nirjala alisoma kipimo, akakiandika kwenye mchoro kwa wino, na chini yake akaandika kosa lake na jina lake lote.

Siku zilizofuata mafurushi yalitoka chini ya ngazi, moja baada ya jingine. Kapali alikuja akayachukua. Yule mjane aliacha kusikia kikohozi. Alikutana na Nirjala bombani akamshukuru, kisha akasema kwamba nyumba sasa imekuwa kubwa mno. Mtaa mzima ulimshukuru. Yeye alirudi jioni kwenye nyumba ambayo ngazi yake ililia akiwa bado mlangoni, kabla hajaikanyaga.

Mwezi wa pili wa baridi alimwona mwanamke mmoja akipanda kutoka upande wa mto, kule wanakochambua taka, amebeba gunia la chupa mgongoni. Alikuwa amevaa sari nyeusi yenye ukingo mwekundu. Kila bibi wa Lunkhu anayo sari kama hiyo. Nirjala alimfuata hadi kwenye duka la chuma chakavu, akangoja agunduliwe.

"Vipi, bibi mkubwa?" alisema mwanamke. "Una chupa?"

"Hiyo sari. Uliipata wapi?"

Mwanamke alijitazama, kisha akamtazama yeye, mavazi yake meupe ya msiba. Akaweka gunia chini taratibu.

"Ilitupwa. Mimi sijaiba kitu. Ni ya mtu wako?"

Nirjala aliangalia ukingo, mkunjo wa kiunoni, mahali palipofifia. Alitafuta alama. Hakuwahi kuitazama kwa karibu wakati ilipokuwa na mtu ndani yake.

"Sijui," alisema.

"Niivue?"

"Usivue. Kitu kama hicho hakirudishwi. Inakutosha?"

"Ni ndefu kidogo. Na joto, hiyo siwezi kusema uongo. Ila ina harufu ya mafuta ya haradali, nimefua mara tatu, haitoki." Mwanamke alilibeba tena gunia lake, chupa zikagongana. "Nikilala nayo naota niko kwenye nyumba ya watu, natafuta mlango."

Akasema hivyo kama mtu anayesimulia hali ya hewa, akaingia dukani kupimiwa chupa. Nirjala alibaki nje, karibu na mzani, akimsubiri atoke, ili yeye Nirjala amwonyeshe njia ya kufika nyumbani kwake, kwenye mlango ule anaoutafuta.